Kabla ya kukata shamba viwanja, acheni njia

Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika na Kivule mpaka Goba na Madale, biashara ya ardhi ina kipimo chake: "ishirini kwa ishirini", yaani mita ishirini kila upande. Mwenye shamba anahitaji ada ya mtoto au fedha ya matibabu, anamwita dalali, kamba inavutwa, vijiti vinachomekwa kwenye kona nne, na serikali ya mtaa inagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano. Mnunuzi wa kwanza haulizi njia, kwa sababu shamba lote bado ni njia. Akija wa kumi, imebaki nafasi ya gari moja. Akija wa ishirini anapita ubavuni mwa ukuta wa jirani, na bodaboda ikitokea mbele lazima mmoja arudi nyuma.

Ukiwauliza wote hao, kila mmoja atakwambia aliuza chake au alinunua chake, na ni kweli. Njia haikuwa ya mtu, kwa hiyo hakuna aliyeiacha.

Sisi maofisa mipango miji tunachora ramani, na wananchi wengi hudhani ramani ile ni ya nyumba. Nyumba kila mtu atajijengea kwa nguvu zake, Watanzania hilo wamelithibitisha. Ramani inahitajika kwa ajili ya vitu ambavyo hakuna mtu mmoja atakayekubali kuvitolea ardhi yake akiwa peke yake: barabara, mitaro ya mvua, uwanja wa watoto, eneo la shule, zahanati, soko, makaburi.

Gari la zimamoto lina upana wa mita 2.5 hivi, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Likishindwa kuingia mtaani, nyumba inaungua huku wazimamoto wakiunganisha mipira kutoka barabara kubwa. Gari la kubeba wagonjwa nalo litasimama huko huko, mama mwenye uchungu afuatwe na kiti au abebwe. Bomba la maji likija litapitishwa chini ya kibaraza cha mtu, na siku likipasuka kibaraza kitavunjwa. Lakini linaloniuma zaidi ni vyoo. Gari la majitaka lina mpira wenye urefu wake. Nyumba iliyo ndani zaidi ya hapo haifikiwi. Shimo likijaa, wenye nyumba wanasubiri mvua kubwa wafungue, uchafu uende na maji. Watu wa Dar es Salaam wanaita kutapisha choo. Maji hayo yanapita uani kwa jirani wa chini, na kipindupindu kikiingia mtaa, njia yake moja ni hiyo. Tunawalaumu watu kwa uchafu wakati mara nyingi kosa lilianza siku kamba ilipovutwa shambani.

Tunao mfano wa nyumbani wa namna nyingine ya kufanya. Mwaka 1974 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa viwanja na huduma. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa kwanza: barabara zikachorwa, viwanja vikagawiwa, watu wakajenga wenyewe kidogo kidogo kwa kadiri ya mifuko yao. Katika mradi huo huo, maeneo ambayo tayari yalikuwa yamejaa nyumba, kama Manzese, yaliboreshwa kwa kuingiziwa barabara na maji. Watafiti wa uchumi walipolinganisha maeneo ya aina hizo mbili miongo kadhaa baadaye, walikuta yale yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba bora zaidi na ardhi ya thamani kubwa zaidi. Serikali haikuwajengea watu wa Sinza majumba. Iliwaachia barabara, na barabara ikawapa moyo wa kuwekeza.

Je, pale ambapo nyumba zimeshajengwa? Hapo ndipo panapohitaji urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha kujengwa ili yatambuliwe kisheria, ambao Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inauruhusu. Wananchi wengi wanaujua kama njia ya kupata hati. Hati ni matunda yake. Kazi yenyewe ni majirani kukubaliana nani anaachia nini. Chukua njia ya mita 3 yenye viwanja vya ishirini kwa ishirini pande zote mbili. Kila mwenye kiwanja akirudi nyuma mita 1.5 tu, njia inakuwa mita 6: magari mawili yanapishana, mtaro unapata pa kukaa. Alichotoa kila mmoja ni mita za mraba 30 kati ya 400. Anabaki na 370 zenye barabara mlangoni, na sijui mnunuzi hata mmoja ambaye angechagua 400 zisizofikika.

Kwenye karatasi hesabu ni nyepesi. Kwenye mkutano wa mtaa ni nzito, kwa sababu yupo aliyejenga ukuta mpakani kabisa na yupo ambaye mita 1.5 ni ngazi za baraza lake. Kwa kawaida hakuna fidia, kwa kuwa wananchi wenyewe ndio wanaokubaliana. Mpangaji mzuri hapo anapinda mstari, anakwepa nyumba ya bibi mjane, anaacha kipande kimoja kiwe njia ya waenda kwa miguu. Hanna Nassif, pale Kinondoni, wakazi wa miaka ya 1990 walikwenda mbali zaidi: walishiriki kupanga na wakachimba mitaro ya mtaa wao kwa mikono yao.

Bonde ni habari nyingine, na hapo sina lugha laini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Mafuriko ya Desemba 2011 kwenye bonde la Msimbazi yaliua watu, na waliopoteza makazi wakapewa viwanja Mabwepande. Kiwanja cha bondeni huuzwa bei nafuu kiangazi, kikiwa kikavu na kizuri. Dalali hakupeleki pale Aprili.

Viwanja vya wazi navyo vina maadui wengi, maana kila anayepita anaona "eneo halina kazi". Mnazi Mmoja iliachwa wazi enzi za ukoloni ili kuwatenga Waafrika wa Kariakoo na sehemu nyingine za mji. Nia ilikuwa ya kibaguzi, lakini leo uwanja ule ni pumzi ya watu wote wa katikati ya jiji, na hakuna halmashauri ambayo ingeweza kuununua upya kwa bei ya sasa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao milioni moja walioongezeka wana watoto wanaocheza mpira barabarani.

Ukitaka kununua, nenda kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri uulize eneo lina mchoro wa mipango miji au halina, na kiwanja chako kimepangiwa matumizi gani. Muhuri wa serikali ya mtaa unashuhudia kwamba mliuziana. Haugeuzi shamba kuwa kiwanja. Ukiwa wewe ndiye muuzaji, chora njia kabla ya kuuza kipande cha kwanza, uandike upana wake kwenye kila karatasi ya mauziano. Na mtaa wenu ukiingia kwenye urasimishaji, nendeni mkautazame mchoro wakati bado umebandikwa ukutani, mkihesabu njia moja moja mpaka nyumba ya mwisho. Mpima akishapanda mawe ya mipaka, kusogeza mstari kunataka mchoro mpya, idhini mpya na fedha mpya.