Kihatarishi hakitokei

Nimelisikia tena Jumatatu, katika nyumba ya mawe inayokarabatiwa Mkomani, hapa Lamu. Nyapara wa pale, mtu mzima ninayemheshimu na fundi hodari wa chokaa, alinipokea mlangoni akaniambia: "Wiki iliyopita kilitokea kihatarishi hapa, lakini alhamdulillahi hakuna aliyeumia." Alikuwa akisimulia jiwe lililoponyoka juu ya jukwaa likaangukia kichochoroni, hatua mbili nyuma ya punda wa mchanga na kijana aliyekuwa akimswaga. Namshukuru Mungu pamoja naye. Ila kilichotokea hakikuwa kihatarishi. Kazi yangu ni kuwashauri watu juu ya usalama kazini, na matumizi haya nayakuta toka Shela mpaka Matondoni, kwa hiyo leo naona nilieleze neno lenyewe.

Maana yake ni fupi. Kihatarishi ni kitu, hali au mtindo wa kazi unaoweza kumdhuru mtu: waya uliochunika, sakafu yenye mafuta, shimo lisilofunikwa, mzigo unaomzidi mbebaji. Hatari ni uwezekano wa madhara hayo kumfika mtu, ukipimwa pamoja na ukubwa wake. Ajali ni pale yanapomfika. Na jiwe likianguka bila kumgusa mtu, Waswahili tuna neno nusura, linatosha kabisa.

Sasa litazame neno lilivyoundwa, maana jibu limo ndani yake. Hatari tumeipata kwa Kiarabu, khatar, neno ambalo Waarabu wa kale walilitumia pia kwa kile mtu anachokiweka dau katika mashindano. Sisi tukalifanyia kazi wenyewe: hatari ikazaa kitenzi hatarisha, hatarisha ikazaa hatarishi, tukatanguliza ki-. Ni njia ileile iliyotoka kwa wakili ikapita wakilisha ikafika kiwakilishi, na iliyotoka kwa unganisha ikafika kiunganishi, maneno ambayo kila aliyesoma sarufi shuleni anayajua. Irabu -i ya mwisho inamtaja mtendaji. Kiunganishi ni kinachounganisha, kiwakilishi ni kinachowakilisha, na kihatarishi ni kinachohatarisha. Mtendaji huwapo kabla ya tendo lake. Ndiyo maana kihatarishi kipo, kinaonekana, kinaondolewa, kinafunikwa, lakini hakitokei. (Katika ofisi za serikali za Tanzania wanasema "usimamizi wa vihatarishi" hata kwa mambo ya fedha, na hapo neno limesogea upande wa hatari. Huo ni mjadala wa siku nyingine.)

Kinachoniuma zaidi ni neno jirani yake, ajali. Asili yake ni ajal, muda uliowekwa, mwisho wa umri. Ndilo neno lililomo katika aya ya 34 ya Sura Al-A'raf, kwamba kila umma una muda wake, ukifika hawauchelewishi wala hawautangulizi. Kiswahili kililichukua likiwa na uzito huo, kisha kikalitumia pia kwa gari kupinduka na mtu kuteguka mguu. Basi mtu akisema "ni ajali", nusu ya masikio yetu yanasikia kudura, na kwenye kudura hakuna wa kuulizwa. Siku ya mtu anaijua Mola, sina neno katika hilo. Lakini kamba iliyooza anaiona yeyote anayepanda ngazi. Tukikiita kihatarishi kitu "kilichotokea", tunakitia katika kapu moja na ajali, nacho kinaachwa bila wa kuulizwa.

Nilimwomba nyapara daftari la ukaguzi. Safu ya vihatarishi ilikuwa imeandikwa "Hakuna" kila Jumamosi kwa miezi mitatu, mwandiko mzuri, wino wa buluu, halafu mstari mmoja tu: "Jiwe limeanguka." Mzee hakudanganya hata siku moja. Kwake yeye, wiki isiyo na jiwe lililoanguka haina kihatarishi.

Tukapanda. Jukwaa ni la boriti, limefungwa kwa kamba ya makumbi kama kawaida yetu, nalo limekaa juani na kwenye unyevu wa bahari tangu kazi ilipoanza. Kwenye fundo la tatu kutoka chini, upande wa kichochoro, nyuzi zilikuwa zimekatika nusu nzima. Nilipozisugua kwa kidole zilitoka unga wa kahawia. Ubao uliofungwa pale ulikuwa umelala kuelekea nje, upana wa vidole viwili hivi, na juu yake yamepangwa mawe mengine manne. Hakukuwa na kizuizi ukingoni. Chini, watu na punda wanapita mchana kutwa, maana Lamu njia ni hiyohiyo moja.

Uani kulikuwa na shimo la chokaa. Chokaa iliyotoka tanurini ikimwagiwa maji huchemka yenyewe bila moto, na tone lake moja linaweza kumpofusha mtu. Chokaa hiyo ni kihatarishi hata ikilala. Hatari yake ndiyo inayobadilika: ndogo shimo likifunikwa na kuzungushiwa uzio, kubwa kijana akiikoroga kwa ubao mfupi uso ukiwa juu yake. Ukiweza, lete iliyokwisha kuzimwa kwa maji. Usipoweza, refusha ubao na weka watu mbali. Miwani ivaliwe, ila isiwe ndiyo kinga peke yake.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 nayo inatenga kazi mbili. Inamtaka mwajiri atathmini hatari za mahali pake pa kazi, na inamtaka pia aripoti ajali. Ikiwa mtu amekufa, afisa wa usalama apate habari ndani ya saa 24. Daftari la Mkomani lilikuwa likingojea kazi ya pili ndipo liandikwe kitu.

"Basi niandike nini, mwanangu?" nyapara aliniuliza tuliposhuka.

"Andika ulichokiona juu, Ami."

Akaandika: kamba ya fundo la tatu imeoza, ubao umeinama, ukingo hauna kizuizi, mawe yamepangwa juu ya njia ya watu. Safu iliyokuwa "Hakuna" ikajaa kabla ya adhuhuri, na vijana wakaanza kuyateremsha mawe kwa karai. Ya wiki iliyopita tuliyasahihisha kwa kalamu ileile: jiwe lilianguka, nusura limpate mtu.