Bwawa la kupunguza mafuriko likae tupu

Kijiji kilichobebewa nyumba na korongo kikiomba bwawa, ombi huja na mawili kwa pamoja: mafuriko yapungue, na maji ya ng'ombe na bustani yapatikane kiangazi. Kazi nyingi huharibikia hapo, kabla hata greda halijafika. Bwawa lililojaa halina nafasi ya kupokea mvua kubwa. Kinachoingia kwa juu hupita kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia maji yaliyozidi, na kuteremkia kijijini karibu kwa wingi uleule. Kwa hiyo anayejenga kwa ajili ya mafuriko anajenga nafasi tupu, na ataitunza ikiwa tupu mwaka mzima kwa ajili ya saa chache za masika.

Tuchukue mfano wa korongo lenye dakio, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huteremkia korongoni, la kilomita za mraba 6. Mvua ya milimita 40 inanyesha ndani ya saa moja, na kwa udongo na mteremko uliopo asilimia 40 yake inatiririka. Hiyo ni mita za ujazo 96,000. Kama maji ya pembe za mbali huchukua saa moja kufika, kilele cha mtiririko kitakuwa karibu mita za ujazo 27 kwa sekunde. Chini kuna kalvati la barabara linalopitisha 10 tu. Makadirio ya haraka ya nafasi inayohitajika ni ujazo wote ukizidisha kwa moja kutoa uwiano wa kinachoruhusiwa kutoka na kilele kinachoingia: 96,000 × (1 − 10/27), yaani karibu mita za ujazo 60,000. Baadaye mhandisi lazima arudie hesabu kwa vipande vya dakika tano tano, maji yanayoingia dhidi ya yanayotoka, lakini namba hii inatosha kujua kama eneo linafaa. Bonde lenye upana wa mita 150 kwenye usawa wa utoro, kina cha mita 4.2 na maji yanayorudi nyuma mita 570 linakupa ujazo huo: zidisha vyote vitatu, gawanya kwa 6.

Sasa tundu la chini. Maji yakifika usawa wa utoro, tunataka litoe mita za ujazo 10 kwa sekunde, si zaidi. Kwa kina cha mita 3.5 juu ya katikati ya tundu, maji hutoka kwa takriban mita 5 kwa sekunde baada ya kuhesabu msuguano na kubanwa kwa maji mdomoni, kwa hiyo tundu la mraba la mita 1.4 kwa 1.4 linatosha. Mvua ndogo hupita humo bila hata kutuama. Mvua kubwa hutuama, kisha bwawa zima humwaga maji yake kwa saa mbili na nusu hivi. Ndivyo linavyokuwa tayari kwa mvua ya kesho, na masika huleta mvua mfululizo.

Tundu hilo halina mlango, na mimi nashikilia hivyo hata wateja wakilalamika. Mvua hizi huja usiku. Mlango wa chuma usiofunguliwa miezi minane hushika kutu, na mlinzi hawezi kuvuka korongo lililojaa kwenda kuuzungusha. Zaidi ya hayo, mlango ukiwepo utafungwa ili maji yabaki. Wanaotaka maji ya mifugo wachimbiwe lambo pembeni, lijazwe kwa mfereji mdogo kutoka korongoni. Gharama inaongezeka, lakini matumizi mawili hayagombanii nafasi moja.

Utoro hubuniwa kana kwamba tundu la chini limeziba kabisa, na kwa mafuriko makubwa kuliko yale ya mfano wetu. Tuseme hesabu ya mafuriko ya nadra imetoa mita za ujazo 60 kwa sekunde. Kizingiti kipana cha urefu wa mita 35, maji yakipita juu yake kwa kina cha mita 1, kinaweza kuyabeba. Ongeza sentimita 60 za akiba kwa ajili ya mawimbi. Tuta basi lina kimo cha mita 5.8, na wakati wa ujenzi tunalipandisha hadi mita 6.1 kwa sababu udongo utashuka. Utoro uchimbwe kwenye ardhi ya asili pembeni, kamwe usipite juu ya udongo wa kujaza, na maji yake yarudi korongoni mbali na kitako cha tuta.

Kuna kosa linalofanyika kila mahali: watu wanapanga viroba vya mchanga juu ya kizingiti ili bwawa lishike maji zaidi. Viroba vya sentimita 50 katika mfano huu vinakula karibu akiba yote. Mafuriko yaleyale yakija, kinachobaki kati ya maji na kilele cha tuta ni sentimita 10, na wimbi moja la upepo linavuka. Tuta la udongo likishavukwa na maji hukatika ndani ya muda mfupi. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la Patel huko Solai, kaunti ya Nakuru, lilipasuka katikati ya mvua za masika na kuua zaidi ya watu 40. Lile lilikuwa bwawa la shamba la kuhifadhia maji. Ukubwa wa kawaida kabisa unatosha kuua.

Tuta lenyewe: mteremko wa 3 kwa 1 (mita 3 kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kimo) upande wa maji, 2.5 kwa 1 upande mkavu, kilele cha mita 4 ili rola na boza zipite. Kitako kinafika mita 36. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, kisha chimba handaki la msingi hadi kwenye udongo usiopitisha maji, upana wa chini usipungue mita 3 ili mashine iingie. Udongo wa mfinyanzi umwagwe kwa tabaka za sentimita 20 kabla ya kushindiliwa, ufikie asilimia 95 ya mshindilio wa juu kabisa uliopimwa maabara kwa jaribio la Proctor. Unyevu ndio unaoamua. Finyanga udongo mkononi: ukivunjika kama unga, ita boza, ukinata vidoleni na kumeremeta, uache ukauke. Rola ikipita mara kumi kwenye udongo mkavu haileti chochote.

Kabla ya kuukubali udongo wowote, dondosha vibonge vikavu vya ukubwa wa punje ya mahindi kwenye glasi ya maji ya mvua. Kibonge kikibomoka na kulala chini, sawa. Wingu la tope likitanda na kubaki likielea, udongo huo unayeyuka wenyewe, na mtiririko mdogo ndani ya tuta utauchonga hadi uwe tundu. Tafuta machimbo mengine, au tibu kwa chokaa au jasi kwa kiwango kilichopimwa maabara.

Mahali ninapokagua kwa muda mrefu zaidi ni pale kalvati la zege, lile linalotoa maji ya tundu la chini, linapopita chini ya tuta. Rola haisogei karibu na ukuta wa zege, fundi anarudishia udongo kwa koleo, na maji hupata njia kandokando. Kuta za nje zijengwe zikiwa na mwinamo kidogo, kiasi cha 1 kwa 10, ili udongo unaoshuka ubane zege badala ya kuachana nalo. Kandokando tumia kompakta ya mkono kwa tabaka za sentimita 10. Upande wa chini, zungushia kalvati kichujio cha mchanga safi unene wa mita 1, chenye njia ya kutolea maji kitakoni: maji yatapita, udongo utabaki.

Mbele ya tundu weka chekeche la nondo nene, nafasi za sentimita 15 hadi 20, lililolala kwa mwinamo ili magogo yapande juu badala ya kuziba. Eneo lake liwe angalau mara nne ya tundu. Huko Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024, njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa takataka, maji yakajaa nyuma yake na tuta likapasuka. Makumi ya watu walikufa. Hakuna aliyelijenga tuta lile kuwa bwawa, wala halikuwa na utoro.

Tope ni suala la miaka. Mabwawa ya Ikowa na Matumbulu mkoani Dodoma, yaliyopimwa na watafiti tangu miaka ya mwanzo ya 1970, yalionyesha jinsi dakio lililolimwa na kuchungiwa bila kinga linavyojaza bwawa upesi. Pima sakafu kila baada ya masika kwa vigingi vyenye alama, na zoa kabla tundu halijafikiwa.

Ukaguzi hufanyika mwezi mmoja kabla ya mvua na asubuhi baada ya kila mvua kubwa. Kata miti midogo kwenye tuta, maana mizizi ikioza huacha njia za maji. Chimbua na kushindilia upya vichuguu vya mchwa na mashimo ya panya, panda ukoka, zuia ng'ombe wasikate njia. Kisha shuka kitakoni. Unyevu au mchirizi wa maji maangavu, weka alama, pima kwa ndoo na saa, andika. Mchirizi uliotoka na rangi ya udongo ni tuta linalomomonyoka kwa ndani: wahamishe watu wa chini saa hiyohiyo, kisha ndipo umpigie simu mhandisi na ofisi ya maji ya bonde.