Alkeni: fuata elektroni kwanza, kanuni baadae

Juzi hapa Chake nilikuwa na vijana wanne wa form six, tumekaa barazani baada ya laasiri, nkawauliza propeni (alkeni ya kaboni tatu, bondi mbili iko baina ya ya pembeni na ya katikati) ikikutana na haidrojeni bromaidi hiyo bromini inakaa wapi? Wote wakajibu kwa mkupuo kama wanasoma kasida: haidrojeni inaenda kwenye kaboni yenye haidrojeni nyingi, mwenye nacho huongezewa. Sawa kabisa. Nkauliza kwa nini? Kimya.

Hapo ndo roho inaponiuma, maana watoto wana akili, ila wamepewa kanuni bila ya sababu yake.

Haya, anzieni hapa. Alkeni ina bondi mbili baina ya kaboni mbili lakini bondi hizo si mapacha. Ya kwanza, sigma, imejibana katikati ya kaboni zenyewe. Ya pili ni pai, elektroni zake ziko juu na chini, nje nje, kama kanga zilizoanikwa uani kila apitae anaziona. Kuvunja bondi moja ya kaboni kwa kaboni kunataka kama kJ 347 kwa moli, kuzivunja zote mbili kama 611, haifiki mara mbili, basi jua pai ndo dhaifu. Kikipita kitu chenye njaa ya elektroni (ndo hicho tunachokiita elektrofaili) pai inakidaka.

Kwenye haidrojeni bromaidi mwenye njaa ni haidrojeni. Pai ikishaidaka, kaboni moja inabaki na chaji chanya, na hapa ndo pa kutulia. Chaji ikikaa kaboni ya katikati inapata kaboni majirani wawili wa kuisukumia elektroni wakaipunguzia mzigo, ikikaa ya pembeni inapata jirani mmoja tu. Kwa hiyo njia ya katikati ndo nyepesi, bromaidi inakuja kukaa hapo, unapata 2-bromopropani. Hamna zaidi ya hilo! Markovnikov, mwanakemia wa Urusi mwenye ile kanuni waliyoikariri vijana, aliiandika karibu na 1870 na elektroni ilikuja kugunduliwa 1897, kwa hiyo yeye aliona matokeo tu, sisi sababu tunayo halafu hatuwaambii watoto.

Na aliekariri atakwama akitiliwa peroksaidi (kemikali yenye oksijeni mbili zilizoshikana). Wanakemia Kharasch na Mayo walionesha 1933 kuwa hapo bromini inahamia pembeni. Kanuni imekufa? Hata. Mara hii anaetangulia ni bromini, tena ni radikali (chenye elektroni isiyo na mwenzake) si elektrofaili, inakaa pembeni ili elektroni iliyobaki peke yake ipate majirani wawili wale wale wa katikati.

Nkawatolea vichupa viwili, mafuta ya nazi na mafuta ya alizeti, nkatia maji ya bromini kidogo kila kimoja (bromini jamani inaunguza ngozi na mvuke wake unakaba koo, tulikuwa nje na glavu tumevaa). Bromini ikishadakwa na pai rangi yake inapotea. Tikisa, tikisa, cha alizeti rangi ya chungwa ikapotea mbele ya macho yao, cha nazi ikabaki inang'ang'ania, kwa sababu mafuta ya nazi yana bondi za pai za kudaka bromini chache mno. Na kwenye maji si lazima bromini zote mbili zikae, moja ikishashika upande wake mara nyingi maji yanawahi upande wa pili yanaacha OH (oksijeni na haidrojeni).

Mmoja akasema basi tujaribu mafuta ya karafuu, tuko Pemba bwana. Rangi ikapotea, wakashangilia alkeni! Nkawaambia ngojeni kwanza. Yujenoli, ambayo ndo sehemu kubwa ya mafuta hayo, kweli ina bondi mbili mkiani, lakini ina na pete (kaboni sita zilizofunga duara) yenye OH, na pete ya namna hiyo nayo inaila bromini, ila kwa kubadilishana na haidrojeni, haiongezi juu. Rangi kupotea hakukwambii nani kaila. Basi nkawapa karatasi wachore mishale ya kuonesha elektroni zinakwenda wapi, mmoja wa mkiani na mmoja wa kwenye pete, na kila mshale uanzie zilipo elektroni.