Nondo za nyuzi za kioo si chuma kisichoshika kutu

Bukavu, mashariki mwa Kongo, tunajenga kwenye miteremko, na mara nyingi tunaongeza etaji (ghorofa) juu ya nguzo zilizopangiwa nyumba ya chini tu. Tangu tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la kipimo cha 5.9, hakuna mwenye nyumba hapa asiyejua kwamba ardhi yetu haijalala. Ndiyo maana habari za vifaa vipya zinapokelewa kwa hamu: nondo za nyuzi za kioo, vitambaa vya kaboni vinavyogandishwa kwa gundi ya epoksi. Mafundi wananiuliza maswali mazuri. Kinachonitia hofu ni majibu wanayokuja nayo tayari.

“Hiyo ni plastiki, itabeba nini?”

Zinazobeba ni nyuzi. Rezini, yaani hiyo plastiki, kazi yake ni kuzishika pamoja, kuzigawia mzigo na kuzilinda. Nondo nzuri ya kioo hukatika ikivutwa kwa megapaskali (kipimo cha nguvu kwa eneo) 600 hadi zaidi ya 1,000, wakati chuma chetu cha beto (zege) huanza kulegea kwenye 400 au 500. Uzito wake ni kama robo ya chuma. Mwaka 1991 daraja la Ibach, karibu na Lucerne huko Uswisi, liliimarishwa kwa kilo 6.2 tu za bamba za kaboni, mahali ambapo chuma kingehitajika kilo 175.

“Basi mahali pa nondo ya milimita 12 niweke ya 8.”

Hapa naomba tusimame, kwa sababu kosa hili linaweza kuua watu. Nguvu ni kitu kimoja, ukakamavu, yaani kukataa kuvutika, ni kingine. Ukakamavu wa chuma ni gigapaskali 200, wa nondo ya kioo ni kati ya 45 na 60. Kwa mzigo uleule na unene uleule, ya kioo inavutika mara tatu hadi nne zaidi. Boriti itabonyea na nyufa zitapanuka zamani kabla nondo haijafika mwisho wa nguvu zake. Kwa hiyo mara nyingi utahitaji nondo nyingi zaidi, wala si chache.

Tena chuma kina adabu ya kuaga. Kikizidiwa hurefuka kwanza: dari inainama, lipu inapasuka, mama anaona na kutoa watoto nje. Nondo ya kioo haiagi, inavutika kidogo kidogo kisha inakatika ghafla. Ndiyo sababu mwongozo wa Marekani huihesabia 0.55 ya uwezo wake pale ambapo chuma huhesabiwa 0.9. Zaidi ya hayo, kioo kinachobeba mzigo mzito usiku na mchana huweza kukatika baada ya miaka, chini ya mzigo uleule kilioubeba vizuri siku ya kwanza.

Na isikunjwe kwenye shantie, pale tunapojenga. Rezini iliyokwisha kuganda haikunjiki, na kuipasha moto ni kuiharibu. Vikuku vya nguzo, zile pete zinazozunguka nondo, hutoka kiwandani vikiwa vimekunjwa.

“Haishiki kutu, kwa hiyo haizeeki.”

Kutu haishiki, ni kweli. Lakini magadi ya beto hula kioo, jua hula rezini. Rezini ya vinilesta hulinda nyuzi kuliko poliesta. Ikitengenezwa vizuri inadumu: nchini Kanada, vipande vilivyokatwa kwenye gati la Hall's Harbour na madaraja kadhaa baada ya miaka 5 hadi 8 vilionyesha kioo kizima.

Ila hapa kwetu hakuna bahari ya kuleta chumvi. Kutu ya nondo za Bukavu huletwa zaidi na beto iliyozidishiwa maji na chuma kilichofunikwa kijuujuu. Sentimita tatu au nne za beto iliyoshindiliwa vizuri ni rahisi kuliko nondo ya kuagiza ng'ambo.

“Nguzo mbovu ifunge kaboni, itapona.”

Hii ndiyo kazi ninayoitetea kwa moyo wote. Nguzo yenye vikuku vichache, ikizungushiwa kitambaa, kitambaa hicho hubana beto yake isisambaratike ardhi inapotikisika. Ya duara hubanwa vizuri zaidi. Ya pembe nne lazima pembe zisagwe ziwe mviringo, angalau milimita 13, la sivyo kona itakata nyuzi. Chini ya boriti, ambako gundi ndiyo kila kitu, uso wa beto ustahimili kung'olewa kwa megapaskali 1.4. Beto inayomomonyoka kwa kugongwa nyundo, gundi itashika vumbi.

Epoksi iliyogandia hewani hulainika kwenye nyuzi joto 60 hadi 80 hivi, na mtaa wetu wa Kadutu unaujua moto. Nguzo iweze kubeba nyumba yake hata kitambaa kikiungua. Chuma cha ndani kikiwa kinaliwa na kutu, kitibiwe kwanza, maana kukifunika ni kukificha. Na pale msingi unapoteleza na kilima, fedha ya kwanza iende kwenye mifereji ya maji ya mvua na ukuta wa kuzuia udongo. Kaboni ingoje.