Mwanao akila mashmelo, tulia

Imeingia tena kwenye grupu la wazazi: video ya mhamasishaji mmoja, suti imemkaa, anasema sayansi imethibitisha kwamba mtoto akiweza kuiacha mashmelo (peremende laini kama sponji) iliyo mbele yake na kuisubiri ya pili, maisha yake yatanyooka. Akila ya kwanza, poleni. Mzazi mmoja ameshampima mwanawe kwa biskuti na sasa hana usingizi. Mimi nafundisha mbinu za utafiti wa saikolojia, na video hii nimechoka kuijibu. Leo naandika, kesho natuma kiungo.

Chanzo chake ni mwanasaikolojia Walter Mischel, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwenye chekechea ya chuo iitwayo Bing. Mtoto anaachwa chumbani. Akivumilia hadi mkubwa arudi, anapata kitu kizuri zaidi. Akishindwa, anapata kile kidogo. Hayo mnayajua. Msichoambiwa ni kwamba hapo kuna tafiti za aina mbili, na video imezikoroga pamoja.

Ya kwanza ni jaribio hasa. Mwaka 1970 Mischel na Ebbe Ebbesen waliwagawa watoto 32 kwa nasibu, yaani kama kwa kura, katika makundi manne. (Vitafunio vilikuwa biskuti na pretzeli, vijiti vikavu vya chumvi; mashmelo ilikuja baadaye.) Waliowekewa vyote viwili mbele ya macho walisubiri kama dakika 1 kwa wastani. Wasioona chochote walipita dakika 11. Kwa kuwa nasibu ndiyo iliyoamua nani akae wapi, ni vigumu kuisingizia tofauti hiyo malezi au akili. Hapo neno “sababu” nakuruhusu ulitumie. Lakini sababu yenyewe ni ipi? Biskuti kufichwa. Tabia ya mtoto haimo.

Na usikimbilie kuniambia 32 ni wachache. Kugawa kwa nasibu kunakupa haki ya kusema “sababu”. Kuchagua sampuli kwa nasibu kunakupa haki ya kusema “watoto wote”. Ni haki mbili tofauti, na wanafunzi wangu wanazichanganya hadi mwaka wa tatu. Watoto wa chekechea ya chuo kikuu tajiri hawakupi hiyo ya pili, hata wawe elfu.

Utafiti wa aina ya pili ni ufuatiliaji, na ndio uliozaa video. Mwaka 1990 Shoda, Mischel na Peake waliangalia alama za SAT, mtihani wa kuombea chuo Marekani, za watoto waliopitia majaribio mbalimbali ya Bing, walipokua. Uhusiano kati ya kusubiri na alama ulikuwepo, hadi 0.57 kwenye sehemu ya hisabati (1 ndio uhusiano kamili), lakini kwa watoto 35 tu: waliokaa na kitafunio kikiwa wazi bila kufundishwa ujanja wowote wa kujisahaulisha. Kwa waliofichiwa, haukuwa na maana kitakwimu, yaani huwezi kuutofautisha na bahati tu. Isitoshe, hakuna aliyemgawa mtoto kwa nasibu awe mvumilivu. Mtoto alikuja na uvumilivu wake kutoka nyumbani, pamoja na vitabu, elimu ya mama, na friji isiyowahi kuwa tupu. Eti kwa kuwa watoto walipitia jaribio, basi kila kilichowapata baadaye nacho “kimethibitishwa na jaribio”! Hapo ndipo ninapokereka.

Mwaka 2018 Watts, Duncan na Quan walirudia kwa watoto zaidi ya 900, wengi wao mama zao hawana shahada. Uhusiano ulitoka kama nusu ya ule wa zamani, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto wa awali, ukapungua kwa takriban theluthi mbili. Watu wakashangilia kwamba mashmelo imekufa. Polepole. Kama elimu ya mama ndiyo iliyomfundisha mtoto kusubiri, ukiidhibiti, yaani ukiiondoa athari yake kwenye hesabu, umeondoa sehemu ya kile kile ulichotaka kukipima. Vitabu vya kiada husema “dhibiti vigeu vingine”, yaani mambo mengine yanayoweza kuathiri matokeo, kana kwamba ni kupiga mswaki. Ukweli ni kwamba kuchagua vigeu hivyo kuna kubahatisha, na takwimu haikuambii umebahatisha vibaya.

Halafu kuna watoto wa Wanso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kameruni. Bettina Lamm na wenzake waliwapa puff-puff, kitu kama andazi dogo. Karibu 70% walisubiri. Kwa watoto wa Kijerumani, chini ya 30%. Kwa hesabu ya mhamasishaji, Ujerumani ijiandae. Mimi nashuku kinachopimwa hapo ni utii kwa mkubwa aliyesema “subiri”, wala si uvumilivu. Nashuku tu, huwezi kumgawa mtoto kwa nasibu azaliwe kwa Wanso.