Nachingwea: treni ilifika mradi ukiwa unakata roho

Kazi yangu ni njia ya reli: kupima matuta, miteremko na kona. Kwa hiyo reli naiona hata mahali ilipong'olewa zamani. Nje ya mji wa Nachingwea kuna njia ya miguu inayopita kwenye mikorosho. Haipandi ghafla wala haikati kona kama njia nyingine za vijijini. Inainuka taratibu, inajikunja kwa tao refu, na ikifika bondeni imejazwa udongo mpaka iko juu ya mashamba. Mkulima hachimbi njia yake namna hiyo. Lile ni tuta la treni.

Wengi wakisikia Mradi wa Karanga, ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga za mafuta Tanganyika, wanaifikiria Kongwa, kule Dodoma. Kweli, Kongwa ndiko walikoanzia mwaka 1947, kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa jirani. Lakini Waingereza, waliokuwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, walikuwa wamepanga ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa huku kusini. Shida ni kwamba kusini hakukuwa na reli, na bandari ya Lindi ilikuwa ya maji mafupi. Mizigo ilishushwa kwa matishari mpaka Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari, na kutoka hapo reli ya geji ya mita moja (upana kati ya pau zake mbili) ikaanza kuelekea bara.

Treni iliingia Nachingwea mwaka 1949. Msituni palikuwa pamechipuka mji: nyumba za wataalamu, karakana za matrekta, hospitali, kambi za vibarua. Wakati huohuo Kongwa mambo yalikuwa yameshaharibika. Udongo wa mfinyanzi ulikauka ukawa kama saruji, mvua zikakatika, mashine zikalala. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango mkubwa, hasara ikiwa kama pauni milioni 36. Hesabu mwenyewe: tangu filimbi ya kwanza mpaka tangazo hilo, haikutimia hata miaka miwili.

Husemwa kwamba karanga ndizo zilizoiangusha reli hii. Mimi naona reli yenyewe ilipangwa vibaya tangu mwanzo. Treni huishi kwa mzigo wa kwenda na wa kurudi, mwaka mzima. Hapa mzigo wa kupanda ulikuwa dizeli, saruji, matrekta na vipuri vya mradi. Wa kushuka ungekuwa karanga za mradi uleule. Mradi ulipopunguzwa, pande zote mbili zilikauka kwa pamoja. Ikabaki korosho, na korosho ina msimu wake. Juu ya hayo, njia hii haikuungana na reli nyingine yoyote nchini, kwa hiyo hakuna behewa la Dodoma wala la Tabora lililoweza kupita hapa na kusaidia kulipa gharama. Nazo gharama hazipungui: mvua ikisomba kalavati, utalijenga upya hata kama wiki nzima imepita treni moja tu.

Hata hivyo ujenzi uliendelea. Bandari ya maji marefu ya Mtwara ikakamilika mwaka 1954, na mwaka 1958 tawi likafika Masasi. Miaka michache baadaye, nchi ikiwa imetoka tu kupata Uhuru, njia nzima ikafungwa na reli zikang'olewa.

Hapo ndipo roho yangu inapouma. Watu wa kusini hawakuulizwa reli ijengwe wapi, na ilipoondolewa waliachiwa barabara za vumbi zilizogeuka tope kila masika. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji limefunguliwa mwaka 2003. Hiyo ni kama miaka 40 tangu treni ya mwisho.

Mji wenyewe haukufa. Mashamba ya mradi yalikuwa yamepewa namba, na moja, Farm 17, likawa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO mpaka Msumbiji ilipojikomboa mwaka 1975. Jina hilo linatumika hadi leo.

Mara ya mwisho nilipolitembea lile tuta, mzee mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya korosho. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hapiti barabarani. "Huku hakuna mlima, mwanangu," akasema, akaendelea kusukuma.