Je, Wajua Kwa Nini Pesa za Msaada Hurudi Zilikotoka?

Nchi tajiri ikitangaza msaada wa mamilioni, wengi wetu hudhani pesa hizo zimevuka bahari na kuingia kwenye hazina ya nchi maskini. Mara nyingi hazivuki. Hulipwa kiwanda, mkandarasi au kampuni ya ushauri ya huko huko zilikotoka, na kinachovuka bahari ni mashine, magunia na wataalamu. Nyingine hata hazikukusudiwa kusafiri: kanuni za kuhesabu misaada huruhusu nchi tajiri kuingiza humo gharama za kumtunza mkimbizi ndani ya mipaka yake kwa miezi 12 ya kwanza. Mwaka 2022 gharama hizo zilikuwa karibu moja ya saba ya misaada yote rasmi iliyohesabiwa.

Msaada wenye sharti la "nakupa, lakini ununue kwangu" huitwa msaada uliofungwa. Muuzaji asiye na mshindani hupanga bei atakayo, na makadirio ambayo OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, imekuwa ikiyatumia kwa miaka mingi yanaonyesha kwamba sharti hilo hupandisha gharama kwa asilimia 15 hadi 30. Maana yake, dola 100 za msaada hununua kitu ambacho kwenye zabuni ya wazi kingepatikana kwa dola 77 hadi 87. Na ikiwa msaada huo ni mkopo nafuu, nchi maskini itazirejesha zote 100.

Kwenye chakula hasara ni kubwa zaidi. Marekani ilipotunga sheria yake ya chakula cha msaada mwaka 1954, nafaka ilitakiwa inunuliwe kwa wakulima wa Marekani, na sheria nyingine ya mwaka huo huo ikataka angalau nusu ya shehena ibebwe na meli zenye bendera ya nchi hiyo. Basi mahali penye njaa pakawa pakisubiri mahindi ya kuvuka bahari kwa miezi, hata pale ambapo mkulima wa wilaya jirani alikuwa na ghala limejaa na hana mnunuzi. Mahindi ya bure yakifika amekwisha kuvuna tena, bei inaanguka, na aliyeumia ni yule ambaye angeweza kulisha majirani zake. Kanada iliondoa kabisa sharti hilo kwenye chakula mwaka 2008.

Lakini ukitaka kuona ubaya wa msaada uliofungwa kwa macho yako, tazama pampu ya mkono ya kisima. Ndani yake, chini kabisa, mna kipande cha mpira kinachozuia maji yasirudi shimoni. Kipande hicho huingia kiganjani na lazima kiishe, kwa kuwa kinasuguana na bomba kila mpini unapopanda na kushuka. Sasa kila mfadhili akija na pampu ya nchi yake, wilaya moja inakuwa na pampu za aina nne au tano, na mpira wa hii hauingii kwenye ile. Dukani hakuna, kiwanda kiko bara jingine, fundi aliyeifunga ameshaondoka na mradi. Kisima kina maji, pampu ni nzima isipokuwa mpira, na akina mama wamerudi mtoni.

Katika miaka ya 1980 walitokea wahandisi walioligeuza swali: badala ya kuuliza pampu ipi ni imara, wakauliza ipi kijiji kinaweza kuitengeneza chenyewe. Majaribio ya Malawi, na baadaye Kwale katika pwani ya Kenya, yalizaa pampu iitwayo Afridev. Hufunguliwa kwa spana moja. Mpira wake hubadilishwa bila kung'oa mabomba kisimani, na michoro yake haina mmiliki, kwa hiyo kiwanda chochote kinaruhusiwa kuiunda. Kwangu mimi huo ndio msaada uliofikiriwa vizuri, ingawa hakuna waziri anayeitisha waandishi wa habari kwa ajili ya kipande cha mpira.

Wakubwa wa misaada wanayajua haya. Mwaka 2001 nchi wafadhili zilikubaliana kufungua sehemu kubwa ya misaada kwa nchi maskini zaidi, na Uingereza ikafungua yote. Mwaka 2005 mjini Paris ziliahidi makubwa zaidi: kufuata mipango ya nchi inayosaidiwa, kutumia mifumo yake, na kuacha kugongana. Malengo 13 yaliwekwa kwa ajili ya mwaka 2010. Lililofikiwa ni moja tu.

Sioni kwamba tatizo ni ukosefu wa maazimio. Tatizo ni kwamba anayetoa pesa huwajibika kwa wapiga kura wake, si kwa mwanakijiji mwenye pampu mbovu. Ndiyo maana mabadiliko yaliyoshika mizizi yamekuwa yale ambayo nchi inayopokea iliyasimamia yenyewe. Tanzania ilipokosana na wafadhili miaka ya 1990, jopo huru chini ya Profesa Gerald Helleiner wa Kanada lilisema wazi mwaka 1995 kwamba pande zote mbili zina makosa, na kwamba wafadhili wanaiingilia serikali mno. Baadaye pakakubaliwa miezi ya utulivu, Aprili hadi Agosti, ambayo wafadhili hawatumi wajumbe wao ila kwa jambo la lazima, ili maofisa waandae bajeti na Bunge liijadili.

Botswana ilianza mapema zaidi, ikiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani wakati wa uhuru mwaka 1966. Mradi usiokuwemo kwenye mpango wa taifa wa maendeleo haukupokelewa, hata ukija na pesa zake zote. Na kabla ya zahanati ya msaada kukubaliwa, wizara ya fedha ilitaka kujua mshahara wa muuguzi na bei ya dawa vitalipwa na nani mfadhili akishaondoka.